Safu ya Mbinu za Utafiti: Alfa Imeshuka, Nitupe Kauli Ngapi?

Barua za mwezi huu zimetoka kwa watu wa kazi mbalimbali hapa Nairobi na vitongoji vyake, lakini karibu zote zinazunguka jambo moja: mtu amechukua hojaji inayopima jambo lisiloshikika kwa mkono, kama woga wa kuzungumza au kuaminiana baina ya watu wawili, kisha kompyuta imempa tarakimu moja asiyojua aifanyeje. Mara nyingi tarakimu hiyo ni alfa ya Cronbach, inayoonyesha kauli za hojaji zinavyokwenda pamoja, na ikikaribia 1 huhesabiwa kuwa ya juu. Katika majibu yangu nitatumia neno uthabiti kwa maana ya kipimo kutoyumbayumba, na neno uhalali kwa maana ya kipimo kupima kile kinachodai kupima. Badala ya uthabiti, wengine husema kutegemeka au kuaminika. Sigombani na yeyote, mradi maneno hayo mawili yasichanganywe.

SWALI: Mwalimu, pokea salamu zangu. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili katika mawasiliano na ninaishi Kahawa Sukari. Nilichukua kauli sita za mazungumzo ya watu wawili kutoka kipimo cha McCroskey cha woga wa mawasiliano, nikazitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kuwapa wanachama 62 wa vyama vya redio na maigizo chuoni. Alfa imetoka 0.58, ilhali vitabu vinasema kipimo hicho hupata zaidi ya 0.90. Msimamizi wangu ameniagiza niondoe kauli mbovu mpaka alfa ifike 0.70. Nimeondoa mbili, ile ya kutokuwa na hofu ya kusema na ile ya kutulia mbele ya mtu uliyekutana naye kwa mara ya kwanza, na sasa nina 0.71. Je, nimefanya sawa?

JIBU: Dada yangu, zirudishe kauli hizo mbili kwanza, kisha ufungue faili lako la data uhakikishe kwamba uligeuza alama. Kipimo cha James McCroskey, ambacho wengi hukiita kwa kifupi chake PRCA-24, kilipata umbo hili la kauli 24 mwaka 1982. Kina kauli sita kwa kila moja ya mazingira manne, yaani majadiliano ya kikundi, mikutano, mazungumzo ya watu wawili na hotuba mbele ya hadhira. Nusu ya kauli zimeelekea upande wa woga na nusu upande wa utulivu, kwa hiyo jibu la kauli ya utulivu, katika mizani ya 1 hadi 5, ni lazima ligeuzwe kwa kulitoa kutoka 6, ili 5 iwe 1 na 4 iwe 2. Sikutuhumu uzembe, maana nimewahi kulisahau jambo hili mimi mwenyewe na kukaa siku mbili nikilaumu wahojiwa. Tazama ukubwa wa madhara yake: kauli sita ambazo kila jozi yake ina uwiano wa 0.45, yaani majibu yake hupanda na kushuka pamoja kwa kiasi hicho, hutoa alfa ya 0.83, lakini ukiacha kauli moja tu bila kuigeuza, data hiyo hiyo itakupa 0.51. Ukisahau zote tatu za utulivu, alfa itazama chini ya sifuri, na hapo angalau utashtuka. Hatari imo katika ile moja, kwa sababu 0.51 inafanana sana na matokeo ya kweli ya kipimo dhaifu.

Tuseme uligeuza vizuri. Jambo la pili ni kwamba umelinganisha konzi na kikapu. Ile 0.90 na zaidi inayotajwa vitabuni ni ya kauli zote 24, na wewe una sita. Alfa hupanda kadiri kauli zinavyoongezeka, hata kama ubora wa kila kauli haukubadilika. Hesabu yake rahisi, kwa kauli zenye mtawanyiko unaolingana, ni hii: chukua idadi ya kauli, zidisha kwa wastani wa uwiano wa jozi zake, kisha chukua idadi hiyo pungufu moja, zidisha kwa wastani huo huo na ujumlishe moja, gawanya jibu la kwanza kwa la pili. Wastani wa uwiano ukiwa 0.30, kauli sita hutoa 0.72 na kauli 24 hutoa 0.91. Hakuna aliyeongeza busara hapo, kilichoongezeka ni idadi.

Jambo la tatu ndilo ningependa ulikalie, nalo ni tafsiri yako. Kauli ya kutokuwa na hofu umeiandika, nadhani, kwa umbo la "Sina hofu ya kusema". Sasa mfikirie mhojiwa mwenye hofu. Ili ajibu kweli anapaswa kuchagua "Sikubaliani", yaani akanushe ukanusho. Katika Kiswahili chetu mtu akiulizwa "Hujala?" na kweli hajala, hujibu "Ndiyo", maana anaafikiana na usemi wenyewe, na mwingine aliye katika hali hiyo hiyo hujibu "La, bado". Wote wawili wana njaa na majibu yao yamepishana. Desturi hii haina kasoro yoyote mezani, lakini ikiingia katika hojaji ya kukubali na kutokubali, baadhi ya wahojiwa wataweka alama upande mmoja na wengine upande wa pili kwa hisia ile ile, na kauli hiyo itaonekana haiendi pamoja na wenzake. Programu itakwambia kwamba ukiiondoa alfa itapanda, na itakuwa imesema kweli, lakini haiwezi kukwambia kwamba ugonjwa uko katika kiambishi cha ukanusho. Iandike upya kwa njia ya kuthibitisha, kwa mfano "Huwa ninasema bila hofu ninapozungumza na mtu", kisha uwape watu wachache wasome kwa sauti na kukueleza wanaelewa nini kabla ya kuchagua jibu. Watu watano hadi wanane waliokaa nawe dakika 20 kila mmoja watakufundisha zaidi ya jedwali zima la programu ya takwimu ya SPSS.

Kauli ya pili uliyoitupa ina tatizo la namna nyingine. Mtu uliyekutana naye mara ya kwanza ni nani kwa kijana wa Nairobi? Anaweza kuwa kondakta wa matatu anayedai nauli mara mbili, mwanafunzi mwenzake kwenye foleni ya chakula, au mzee wa ukoo aliyefika nyumbani kwa mazungumzo ya mahari. Mbele ya huyo wa mwisho, kijana anayenyamaza na kuinamisha macho anaweza kuwa hana woga hata kidogo, kwa kuwa anachokionyesha ni heshima, na wazazi wake wangeona haya kama angejitia uchangamfu. Ikiwa nusu ya wahojiwa wako walimfikiria mzee na nusu wakamfikiria mwanafunzi mwenzao, kauli hiyo ilipima mambo mawili, na alfa ndogo ilikuwa inakupa habari ya kweli kuhusu mazungumzo yetu. Ukiifuta kwa sababu ya kufika 0.70, umefuta habari hiyo, na kauli nne zilizobaki zina tatu za woga na moja tu ya utulivu. Sehemu ya uwiano wake huenda inatoka kwa watu wanaokubali kila wanachosomewa, na ile mizani ya kauli za pande mbili iliyowekwa ili kuzuia hilo umeivunja.

Kisha kuna hao wahojiwa wenyewe. Wanachama wa vyama vya redio na maigizo ni watu waliojichuja. Mwenye woga mkubwa hakujiunga. Alfa huhitaji watu watofautiane, kwa kuwa kimsingi huuliza ni sehemu gani ya tofauti za jumla ya alama inatokana na watu wenyewe na ni sehemu gani ni kelele, yaani makosa ya kubahatisha ya upimaji. Chukua mfano wa tarakimu: kwa umma mchanganyiko, mkengeuko sanifu wa alama za kauli sita, yaani kiasi ambacho alama huachana na wastani, ni 5, mtawanyiko, ambao ni 5 mara 5, ni 25, na alfa ni 0.84. Kelele basi ni asilimia 16 ya 25, ambayo ni 4. Kipeleke kipimo hicho kwa watu wanaofanana zaidi, wenye mkengeuko wa 3 na mtawanyiko wa 9, na uiache kelele ile ile ya 4, na alfa itashuka hadi 0.56. Kipimo hakikuharibika njiani. Ndiyo maana sipendi kusikia mtu akisema "kipimo hiki kina alfa ya 0.90", kana kwamba tarakimu hiyo imechongwa kwenye hojaji. Alfa ni ya majibu ya watu fulani, kwa lugha fulani, siku fulani.

Sasa kuhusu msimamizi wako. Kizingiti cha 0.70 hutajwa kwa jina la Jum Nunnally, na ni kweli aliandika 0.70 katika toleo la mwaka 1978 la kitabu chake cha nadharia ya upimaji, akizungumzia hatua za mwanzo za utafiti. Katika toleo la mwaka 1967, kwa hatua hizo hizo, alikuwa ameridhika na 0.50 hadi 0.60. Kwa hiyo hiki si kizingiti kilichoshuka kutoka mlimani. Hata hivyo usimwendee msimamizi na hoja hiyo pekee, maana ataona unatafuta kichaka cha kujifichia. Mwendee na mipaka ya uhakika, yaani tarakimu mbili ambazo alfa ya kweli huenda iko kati yake. Kwa watu 62 na kauli sita, alfa yako ya 0.58 ina mipaka ya asilimia 95 inayoanzia takriban 0.38 hadi 0.72, na 0.71 uliyoipata kwa kauli nne inaanzia takriban 0.56 hadi 0.81. Mipaka hiyo imeingiliana kwa sehemu kubwa. Hujaonyesha kwamba kauli nne ni bora kuliko sita, umeonyesha tu kwamba ukichagua baada ya kuona majibu unaweza kupata tarakimu unayoitaka kutoka kwa watu hao hao 62, ambao kesho hawatakuwepo.

Mwisho kwako, usidhani alfa ndogo ni aibu ya jedwali tu. Tangu makala ya Charles Spearman ya mwaka 1904 inajulikana kwamba kelele katika vipimo hudunisha uwiano baina yake. Ikiwa woga na kuridhika katika urafiki vina uwiano wa kweli wa 0.50, na uthabiti wa vipimo vyako viwili ni 0.58 na 0.80, utakachokiona ni takriban 0.34. Unaweza ukaandika katika tasnifu kwamba uhusiano ni hafifu, kumbe hafifu ni hojaji yako.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninatafiti kuaminiana kwa majirani wanaoishi ploti moja mtaani Kayole. Kauli zangu 12 zimepata alfa ya 0.78 na nimeandika kwamba zote zinapima jambo moja. Mtahini wa nje anataka uchanganuzi wa faktori. Je, alfa haitoshi? Na je, ningepata 0.97 angeniacha?

JIBU: Mtahini wako ana haki, maana uchanganuzi wa faktori ndio unaoonyesha kauli zinajigawa katika mafungu mangapi yanayokwenda pamoja. Alfa hudhania kwamba kauli zinapima jambo moja, lakini haithibitishi hivyo. Chukua kauli zako 12 uzigawe mafungu mawili ya sita. Tuseme fungu la kwanza linahusu kama ungemwachia jirani funguo za nyumba, na la pili linahusu kama ungemweleza siri ya ndoa yako. Ndani ya kila fungu uwiano wa kila jozi ni 0.50, na baina ya mafungu ni sifuri kabisa, yaani anayeachiwa funguo si lazima ndiye anayeambiwa siri. Kati ya jozi 66, ni 30 tu zenye uwiano, wastani wake ni kama 0.23, na alfa inatoka 0.78. Ni ile ile yako. Vitu viwili visivyojuana kabisa vimekaa ndani ya gunia moja, na mizani haikulalamika.

Mkaaji wa ploti atakwambia bila hesabu kwamba kuna jirani wa kumwachia mtoto na kuna jirani wa kumwambia neno, na si mara nyingi ni mmoja. Kwa hiyo fanya uchanganuzi huo, tena ikiwezekana ule wa kuthibitisha muundo uliouwaza mapema. Ukipata mafungu mawili, ripoti uthabiti wa kila fungu peke yake na usijumlishe alama zote kuwa moja. Ukiwa huko, toa pia omega ya Roderick McDonald, ambayo hailazimishi kila kauli ibebe uzito sawa kama alfa inavyodhani. Programu za bure kama R na JASP huitoa bila taabu.

Kuhusu 0.97, mimi ningekuwa mtahini ningekutilia shaka zaidi. Kwa kauli 12, alfa hiyo inahitaji wastani wa uwiano wa takriban 0.73, na mara nyingi hali hiyo hutokana na kauli zinazorudia neno lile lile kwa mavazi tofauti: "Ninamwamini jirani yangu", "Jirani yangu ni mtu wa kuaminika", "Nina imani na jirani yangu". Umeuliza swali moja mara tatu na mhojiwa, kwa adabu, amekujibu mara tatu.

Nikumbushe pia, kwa wale wanaoitamka alfa kwa unyenyekevu wa msikitini, kwamba Lee Cronbach mwenyewe hakudai kuivumbua. Makala yake ya mwaka 1951 iliipa jina na kuieleza vizuri, lakini Louis Guttman alikuwa na kanuni iyo hiyo mwaka 1945, na Kuder na Richardson walikuwa na umbo lake kwa majibu ya ndiyo na hapana tangu 1937. Katika maandishi yake ya mwisho, yaliyochapishwa mwaka 2004 baada ya kifo chake, Cronbach alisema kwamba anaona haya kanuni hiyo kupewa jina lake.

SWALI: Mimi ni afisa wa rasilimali watu katika kampuni moja Upper Hill. Tunatumia kile kipimo cha McCroskey cha kauli 24 kuwachuja waombaji wa kazi ya kuhudumia wateja. Mmoja amepata 68 na mwingine 72, na kwa kuwa alama kubwa ni woga zaidi, tumemchukua wa 68. Mwenzangu anasema tumemwonea wa 72. Unasemaje?

JIBU: Mwenzako ana jambo, bwana afisa. Alama za kipimo hicho huanzia 24 hadi 120. McCroskey aliripoti kwa wanafunzi wa vyuo Marekani wastani wa 65.6 na mkengeuko sanifu wa 15.3, akawahesabu wenye woga mkubwa kuwa ni wanaozidi 80 na wenye woga mdogo kuwa ni walio chini ya 51. Nitazitumia tarakimu hizo kwa sababu hukunipa za waombaji wako, ingawa nakuonya usizichukue za kule ukamhukumu mtu wa Donholm. Uthabiti ukiwa 0.91, kosa sanifu la upimaji, yaani kiasi ambacho alama ya mtu mmoja huweza kuyumba, hupatikana kwa kuzidisha mkengeuko na kipeuo cha pili cha 0.09, ambacho ni 0.3. Jibu ni takriban 4.6. Mtu aliyepata 72 basi, kwa uhakika wa asilimia 95, yuko mahali fulani kati ya 63 na 81. Kwa watu wawili makosa yao hujumlishana, na ili useme kwa uhakika huo kwamba mmoja ana woga kuliko mwingine, tofauti yao ifike karibu alama 13. Nyinyi mlikuwa na nne. Mngerusha shilingi, mngekuwa mmetenda haki kwa gharama ndogo zaidi.

Nunnally huyo huyo aliyetajwa juu alitaka uthabiti usiopungua 0.90, na ikiwezekana 0.95, pale ambapo alama inaamua hatima ya mtu mmoja mmoja. Watu hunukuu 0.70 yake na kuisahau hii. Tena uthabiti wa alfa unahusu kauli kuafikiana siku ile moja. Hausemi kama mwombaji huyo, akirudi baada ya wiki tatu bila presha ya kutafuta kazi, atapata alama zile zile, na jambo hilo hupimwa kwa kuwapa watu hao hao hojaji mara mbili.

Na kuna swali la uhalali, ambalo kwenu ni zito kuliko yote. Kule Nyamakima, anakonunua nafaka mtu anayejua bei, mkebe wa gorogoro uliobonyezwa kitako hupima mahindi kwa uthabiti wa ajabu, kila mara ni pungufu kwa kiasi kile kile. Mwombaji anayejua anatafuta kazi ya kuongea na wateja hatakiri woga wake kwenye karatasi mliyompa nyinyi, na wote wakipaka rangi kwa namna moja, alfa itabaki juu na mtakuwa mmepima ustadi wa kuomba kazi. Mpe kila mmoja simu na mteja wa kuigiza kwa dakika kumi, wasikilizwe na watu wawili.

SWALI: Mwalimu, tumerekodi mazungumzo ya mama mboga na wateja wao kule Umoja, kwa idhini yao, na wasaidizi wangu wawili wameweka alama vipande 100, kama kuna kukatizana maneno au hakuna. Wameafikiana vipande 88. Asilimia 88 inatosha?

JIBU: Inategemea kukatizana ni kwa nadra kiasi gani, na hukuniambia, kwa hiyo nitakisia. Tuseme kila msaidizi ameona kukatizana katika vipande 10 tu. Hata kama wangeweka alama zao wakiwa wamefumba macho, wangeafikiana "hakuna" kwa 0.90 mara 0.90, yaani 0.81, na "kuna" kwa 0.01. Jumla ni asilimia 82 ya bure. Kapa ya Jacob Cohen, ya mwaka 1960, huondoa hiyo ya bure: 88 pungufu 82 ni 6, ugawe kwa nafasi iliyobaki ya 18, unapata 0.33. Tarakimu hiyo inatisha zaidi na inasema kweli zaidi. Katika mfano huo wameafikiana kuhusu kukatizana kwenyewe mara nne tu.

Kapa nayo huwa kali mno jambo likiwa nadra, kwa hiyo weka jedwali lote la alama badala ya tarakimu moja, na kama utakuwa na wasaidizi watatu au vipande vingine havina alama, tumia alfa ya Klaus Krippendorff, ambayo haina udugu na ile ya Cronbach ila jina. Lakini kabla ya hapo keti na wasaidizi wako msikilize pamoja vile vipande 12 walivyopishana. Nina hakika mtakuta "ehe", "haya" na "sawa mama" zinazosemwa juu ya maneno ya mwenzake. Mmoja ameziita kukatiza, na mwingine, pengine aliyelelewa sokoni, amezisikia kama kuitikia. Hapo kasoro iko katika mwongozo wenu wa kuweka alama, ambao haukusema kuitikia ni nini. Uandikeni upya, kisha wapeni vipande vipya. Vile 100 vya zamani sasa wamevijua.

SWALI: Mwalimu, mimi niko Rongai na ninakaribia utetezi. Kamati imeniambia sentensi yangu ya "hojaji ilijaribiwa kwa watu 10 na ikapata alfa ya 0.86, kwa hiyo ni thabiti" haitoshi. Niandikeje?

JIBU: Ile desturi ya kujaribu hojaji kwa asilimia 10 ya sampuli imeenea katika tasnifu zetu, na ni nzuri kwa kugundua kauli isiyoeleweka, ila kwa kukadiria alfa haifai. Kwa watu 10 na, tuseme, kauli sita, 0.86 yako ina mipaka ya takriban 0.59 hadi 0.95, yaani kutoka kipimo cha kutiliwa shaka hadi kipimo bora sana. Alfa ya kuzingatiwa ni ya wahojiwa wa utafiti wenyewe. Ihesabu upya na uandike namna hii, ukibadilisha tarakimu zangu za kubuni kwa zako:

"Woga wa mazungumzo ya watu wawili ulipimwa kwa kauli sita zilizotafsiriwa kwa Kiswahili na watafsiri wawili waliofanya kazi kila mmoja peke yake, kisha zikajadiliwa na watu wanane kwa mahojiano. Kauli moja ya ukanusho iliandikwa upya baada ya watatu kati yao kuielewa kinyume. Kauli tatu za utulivu ziligeuzwa alama. Hakuna kauli iliyoondolewa baada ya data kukusanywa. Kwa wahojiwa 210 wa utafiti huu, alfa ilikuwa 0.74, mipaka ya uhakika wa asilimia 95 ikiwa 0.68 hadi 0.79, na omega ilikuwa 0.75. Kauli inayohusu mtu mgeni ilikuwa na uwiano mdogo kuliko nyingine, na imejadiliwa katika sura ya tano."

Ikiwa kauli yako yenye matatizo haijajadiliwa katika sura ya tano, kaiandike leo.